Je, Yafaa Kunena Waziwazi Habari za Dini na Siasa?

Liko neno moja ambalo kila mtu wa upande huu wa Issenye amelisikia tangu utoto wake. Watu wakutanapo arusini au matangani, na mazungumzo yakianza kupata moto, mzee mmoja huinua mkono na kusema: "Jamani, hapa tumekuja kula na kufarijiana, habari za dini na siasa ziacheni nje ya boma." Ndipo wote hucheka, na maneno hugeuzwa yakawa habari za mvua, na bei ya ng'ombe mnadani, na tembo walioingia katika mashamba ya mtama. Wengi wetu twaliona shauri hili kuwa la hekima. Mwezi huu twataka kuliuliza swali: Je, ni hekima kweli? Na kama ni hekima, ni ya siku zote, ama ni ya siku ile ya arusi tu?

Kwanza yatupasa kukiri kwamba wazee hawakulitunga neno hilo bure. Katika nchi hii hatukai watu wa namna moja. Wako Waissenye wenyewe, na Waikoma, na Wanata, na Wangoreme, na Wakuria, na Wasukuma, na Wataturu pamoja na makundi yao ya ng'ombe. Katika njia moja ya kwenda kisimani waweza kukutana na Mkatoliki, na Mwanglikana, na Mmenoniti, na Msabato, na Mpentekoste, na Mwislamu, na mzee aishikaye dini ya babu zake asiyetaka nyingine. Tena tangu vyama vingi viliporudi mwaka wa 1992, nyumba moja yaweza kuwa na kofia za rangi mbili zimetundikwa ukutani, ya baba na ya mwana. Mahali kama hapa, mtu apimaye maneno yake kabla ya kuyatoa si mwoga. Ulimi hauna mfupa, nao umevunja urafiki mwingi.

Lakini tuangalie vema. Kimya hakiliondoi jambo, hulihamisha tu. Neno lisilosemwa barazani litasemwa kwenye mashine ya kusaga. Likikatazwa hapo, litasemwa kilabuni jioni, na likikatazwa kilabuni, litasemwa usiku, mlango umefungwa, mbele ya watoto wasikiao kila kitu. Nasi walimu twajua, maana asubuhi watoto huja shuleni nalo. Mtoto wa miaka tisa amwambia mwenziwe, "Sisi hatuli kwenu, ninyi ni watu wa chama fulani," ama, "Ninyi ni watu wa dini fulani." Ukimwuliza amelipata wapi, hutazama chini. Amelipata katika nyumba ambayo mchana husema kwamba haitaki habari za dini wala siasa. Wahenga walinena kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi, tusemapo "kunena waziwazi," twataka msomaji atuelewe. Hatusemi mtu apige kelele sokoni. Hatusemi kwamba kila ajualo mtu juu ya jirani yake lazima alimwage mbele ya watu. Maana yetu ni hii: kulisema neno mahali ambapo yule limhusuye yupo, aweza kulisikia, tena aweza kulijibu. Hii ndiyo tofauti kati ya hoja na fitina. Maneno yenyewe yaweza kuwa yale yale, hata herufi kwa herufi. Lakini hoja husimama mbele ya mtu na kungojea jibu lake, na fitina humzunguka kwa nyuma na kulikimbia jibu.

Tutatoa habari moja ambayo si ya kutusifu sisi, wala hatutamtaja mtu wala ushirika. Mwaka wa 1995 ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, sisi tulikuwa watoto. Lakini mwaka wa 2015, siku za uchaguzi mkuu wa Oktoba, tulikuwa tumekwisha kuwa walimu, watu wa kuheshimiwa kijijini. Palikuwa na mkulima mmoja aliyesali pamoja nasi, mtu mpole, mwenye kuimba sauti ya nne. Mtu huyo akajiunga na chama cha upinzani. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameezeka nyumba yake kwa mabati mapya. Basi ukaanza uvumi, "Mabati yale si ya bure. Amenunuliwa. Wakubwa wa mjini wamempa fedha atuuze." Uvumi ukatembea kisimani, ukatembea mashineni, ukafika kanisani. Zamu yake ya kusaidiwa kuvuna ilipofika, watu walikuja wanne tu. Alipofiwa na shangazi yake, wengine walikuja kuzika, lakini hawakula chakula chake.

Nasi tulijua kwamba uvumi ule ni uongo. Tulijua kwa yakini, maana mtu huyo alikuwa ameuza maksai wawili mnadani, na sisi ndio tuliomwandikia hati ya mauzo kwa mkono wetu, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri maandishi. Bei ya maksai wale na bei ya mabati yale zilikaribiana mno. Jumapili moja, baada ya ibada, alisimama akiwa ameshika kofia yake, akasema kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu, nasikia ninanenwa. Mwenye neno juu yangu na aliseme hapa, nipate kulijibu." Kanisa lote likanyamaza. Sisi tulikuwa tumeketi benchi la pili. Tulijiambia moyoni kwamba nyumba ya Mungu si mahali pa siasa, na tukiinuka tutaonekana kuwa tumeingia chama chake. Basi tukatazama kitabu cha nyimbo. Akaketi. Tukaimba, tukatoka. Mwaka wa pili yake akauza shamba lake, akahama pamoja na watu wa nyumba yake.

Hapakuwa na mtu aliyempiga, wala hapakuwa na nyumba iliyochomwa. Mgeni angalipita siku zile angalisema kijiji chetu kina amani kabisa. Lakini mtu mmoja alifukuzwa kijijini kwa neno ambalo hakuna aliyelisema mbele yake. Ndipo tulipoanza kufahamu kwamba uongo hauishi kwa nguvu zake wenyewe. Huishi kwa kukosa jibu. Angalikuwapo mtu mmoja wa kusema waziwazi, "Mabati ni ya rushwa," mwenyewe angalijibu, "Ni ya maksai wangu, mwulizeni Mwalimu," na neno lingalikufa siku ile ile. Waliomsengenya walikosa, nasi tuliokuwa na jibu tukalifungia kinywani tulikosa kuliko wao.

Labda mtu atasema, "Maneno haya ya baraza na majadiliano ni ya wageni, sisi Waafrika tulikuwa na wakubwa wetu, nao wakiamua, imekwisha." Sivyo. Jirani zetu Wakuria wa Tarime wana baraza la watu liitwalo iritongo, ambamo jambo linalowahusu wote, kama wizi wa ng'ombe, lasemwa mbele ya watu, na mshtakiwa akiwapo. Wanayo pia inchama, nayo ni ya wazee wachache, na mambo yake ni siri. Wazee walijua kwamba yako mambo ya siri na yako mambo ya wazi, wala hawakuyachanganya. Hata sasa tohara ya moyo wa mtu mbele ya Mungu wake, na toba yake, na ugomvi wake na mkewe, hayo ni ya siri, na mwenye kuyatangaza ni mjinga. Lakini nani atatuongoza, na fedha ya shule imekwenda wapi, na mpaka wa malisho upite wapi, na kama Mkristo na Mwislamu waweza kuzika pamoja, hayo si ya mtu mmoja. Jambo ligusalo boma la kila mtu lafaa lisemwe mbele ya kila mtu. Tukilitia katika inchama ya wachache, tumewaibia wengine haki yao.

Tena sisi tulio Wakristo hatuna ruhusa ya kuogopa jambo hili, kwa sababu Kanisa lenyewe lilijengwa katika majadiliano. Msomaji na afungue Matendo ya Mitume mlango wa 6. Wanafunzi walipoongezeka, Wayahudi wa Kiyunani walianza kunung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Ndani ya neno hilo mlikuwa na lugha, na kabila, na chakula, mambo matatu yawezayo kuvunja kijiji chochote hata leo. Mitume walifanya nini? Hawakusema, "Nyamazeni, msilete ukabila kanisani." Waliwakusanya wanafunzi wote, wakalileta jambo mbele yao, na kutoka katika manung'uniko yale wakapatikana watu saba wa kutumika, na Stefano akiwa mmoja wao. Manung'uniko yalipopewa mlango wa kuingilia, yakawa huduma.

Na afungue tena mlango wa 15. Hapo neno ni tohara, nasi watu wa Mara hatuhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo, maana kwetu ndiyo mlango wa kuingilia katika utu uzima. Wengine walisema watu wa Mataifa hawawezi kuokoka pasipo kutahiriwa; Paulo na Barnaba wakakataa. Yakawapo mashindano mengi, Biblia haifichi. Petro akasimama akanena, Barnaba na Paulo wakanena, na mkutano ukanyamaza kuwasikiliza, kisha Yakobo akatoa shauri, na barua ikaandikwa. Angalieni kimya cha mkutano ule: walinyamaza ili wasikie, hawakunyamaza ili jambo lisisemwe. Na Paulo awaandikia Wagalatia kwamba huko Antiokia alimpinga Petro ana kwa ana mbele ya wote. Hakumwendea Yakobo kumchongea. Na Bwana wetu, alipoulizwa na kuhani mkuu habari za mafundisho yake, alijibu kwamba alisema na ulimwengu waziwazi, katika masinagogi na hekaluni, wala kwa siri hakusema neno. Hukumu yake ilianza usiku. Mafundisho yake yalikuwa ya mchana.

Sasa na tutoke kijijini kwetu tutazame nchi nzima, maana Tanzania yetu imejaribu njia zote mbili, kimya na maneno, nasi twaweza kujifunza katika zote mbili.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu, na wenzake wa TANU iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, walifundisha kwamba watu wana dini zao, lakini chama na serikali havina dini. Fundisho hili lilikuwa na baraka kubwa. Mkristo na Mwislamu walipigania uhuru bega kwa bega, na kazi za serikali hazikugawanywa kwa kuulizana misikiti na makanisa. Hata katika hesabu ya watu, swali la dini liliulizwa kwa mara ya mwisho mwaka wa 1967. Tangu hapo halikuulizwa tena. Kusudi lilikuwa jema, watu wasihesabiane kama makundi ya kondoo. Lakini hata dawa njema ina uchungu wake. Palipokosa hesabu, kila upande ulijifanyia hesabu yake mwenyewe, na kila upande ulijiona kuwa ndio mkubwa na ndio unaopunjwa. Uvumi ulikaa katika kiti kilichoachwa wazi.

Matunda yake tuliyaona. Katika miaka ya 1980 na 1990 wahubiri wa pande zote mbili walisimama viwanjani mijini kulinganisha vitabu vya dini. Wengine walinena kwa adabu, wengine kwa kejeli. Mwezi wa Februari 1998, huko Mwembechai katika Dar es Salaam, matata yaliyotokana na mahubiri yalifika hata polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Na karibu zaidi nasi, ng'ambo ya Ziwa, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, mwezi wa Februari 2013, watu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja. Sote twaijua desturi iliyozoeleka mahali pengi, ya kwamba nyama ya kuuzwa huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu apate kuila bila wasiwasi. Wakristo wengine walianza kuiuliza desturi hiyo, na Waislamu wengine waliona kwamba swali lenyewe ni dharau. Siku ile mchungaji mmoja aliuawa.

Ndugu zetu, ilikuwa ni habari ya kisu na mbuzi! Ni mara ngapi sisi tumekula nyama ile ile bila kuulizana kwa nini yachinjwa hivi? Kama Mkristo angalimwendea jirani yake Mwislamu miaka mingi kabla, akamwuliza kwa upole, "Ndugu, nielezee, kuchinja kwenu kuna maana gani?" naye angalieleza kwamba nyama iliyochinjwa bila kutajwa jina la Mungu ni haramu kwake, na Mkristo angalisema lile limsumbualo moyoni. Hatuthubutu kusema kwamba mazungumzo yangaliponya kila kitu. Lakini twajua kwamba watu hawakutumia nafasi hiyo walipokuwa hawajakasirika bado, na mtu aliyekasirika hasikii. Jambo ambalo halikusemwa kwa upole katika siku za amani litasemwa kwa panga katika siku za ghadhabu.

Katika siasa pia tumepita njia mbili. Mwaka wa 1965 nchi ilifanywa kuwa ya chama kimoja kwa sheria, na watu wengi waliona ni vema, kwa kuwa taifa lilikuwa changa. Lakini mwaka wa 1990 Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeijenga nyumba hiyo, alianza kunena hadharani kwamba si dhambi kuuliza kama chama kimoja kingali kinafaa. Mwaka wa 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliweka Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, nayo ikazunguka nchi nzima, bara na visiwani, ikiwauliza watu. Jibu lilikuwa hili: kama watu 8 katika kila 10 walitaka chama kimoja kiendelee, kama 2 katika 10 walitaka vyama vingi. Mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini Tume ilizipima hoja za wale wachache, ikaona kwamba zina uzito, na kwamba hata wengi wa wale wengine walitaka mabadiliko ndani ya chama. Ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Ikataja tena sheria zipatazo 40 zilizowabana watu, ikashauri zifutwe au zitengenezwe. Mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa. Sisi hatusemi hapa ni chama gani bora. Twasema tu: watu 2 katika 10 walisikilizwa, na nchi haikuvunjika. Kama hao wawili wangalinyamazishwa, wangalikwenda kunena wapi?

Wala hatuwezi kudai kwamba tangu siku hiyo tumekuwa wanafunzi wazuri. Jaji Joseph Warioba, mwana mwingine wa Mara, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba tangu mwaka wa 2012. Tarehe 2 Novemba 2014 alikuwa akinena juu ya Katiba katika mdahalo huko Dar es Salaam, ndipo watu wakafanya ghasia, mdahalo ukavunjika. Kisha tangu mwaka wa 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hata Rais Samia Suluhu Hassan alipoifungua tena tarehe 3 Januari 2023. Na hayo yote yalitokea katika nchi ambayo Katiba yake, katika ibara ya 18 na ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni na uhuru wa kuabudu. Basi yaliyoandikwa ni mema, lakini karatasi haisemi. Kinywa cha mtu ndicho kisemacho.

Sasa tujibu mashaka mawili. La kwanza: wako wasemao, "Mbona hao wahubiri wa viwanjani walinena waziwazi, na matata yakatokea?" Ni kweli walinena kwa sauti kuu, lakini kipaza sauti si uwazi. Wengi wao walinena juu ya watu wa dini nyingine wakiwa katikati ya watu wa dini yao wenyewe, ili washangiliwe. Hawakungojea jibu. Kwa kipimo tulichoweka, hiyo nayo ni fitina, ila ni fitina yenye sauti kubwa. Ukitaka kujua kama mtu ananena kwa uwazi wa kweli, mwambie aeleze kwanza imani ya mwenzake. Kama mwenzake atasema, "Naam, ndivyo tuaminivyo," basi mazungumzo yaweza kuendelea. Kama atasema, "Hayo siyo yetu," yafaa msemaji anyamaze kidogo, ajifunze.

Shaka la pili ni zito zaidi. Wako wasemao, "Ninyi mwasema kwa kuwa hamna la kupoteza. Mnyonge akinena, atanyimwa mbolea, atanyimwa muhuri wa barua yake, mwanawe atatazamwa vibaya." Hili ni kweli, nasi hatulidharau. Si haki kumwambia mjane asimame mbele ya wakubwa aseme peke yake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mzigo wa kunena hauwaangukii watu wote kwa uzito mmoja. Humwangukia zaidi yule ambaye heshima yake humkinga: mchungaji, katekista, mwalimu, mzee wa ukoo. Yeye akianza kunena, mnyonge aweza kumfuata. Naye akinyamaza, amemfunga mnyonge kinywa pamoja na chake. Heshima tuliyopewa na watu si ya kukalia kama kigoda. Ni ngao, na ngao ikiachwa nyumbani siku ya vita haimkingi mtu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kunena waziwazi kuna adabu yake. Anenaye na awe tayari kusema, "Hapa sijui." Na awe tayari kusema, "Hapa nilikosa," kwa maana Nyerere aliitetea nyumba ya chama kimoja miaka mingi, kisha akaigeuza shingo yake mbele ya watu, wala heshima yake haikupungua. Na ajue saa ya kukoma. Mzee wa arusini aliyetuambia tuyaache maneno nje ya boma hakukosa kwa habari ya arusi. Ni vema bibi arusi asikalie siku yake akisikiliza mashindano. Kosa ni letu sisi, tuliolichukua neno lake la siku moja tukalifanya kuwa sheria ya mwaka mzima. Tena baada ya kunena, watu na wale pamoja. Mashindano yasiyofuatwa na chakula huacha uchungu kinywani.

Tumalize kwa yule mkulima. Mwaka jana tulimfuata huko alikohamia. Tulimkuta akitengeneza ua wake wa minyaa, naye alitukaribisha kwa furaha kama zamani, akatuitia uji. Tulipokwisha kunywa tulimwambia yote: hati ya mauzo, na benchi la pili, na kitabu cha nyimbo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu. Nimekusamehe tangu zamani. Lakini maneno haya yalikuwa ya siku ile." Hakusema zaidi, nasi hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliomba ruhusa, tukayasimulia mbele ya ushirika wote, pale pale aliposimama yeye. Wengine walilia, wengine waliudhika kwamba tunafukua mambo ya zamani. Wawili walisimama wakasema kwamba wao ndio walioanza uvumi. Na baada ya hapo, kijana mmoja aliinuka akauliza habari za fedha za ujenzi wa nyumba ya mchungaji, swali ambalo kwa miaka miwili lilikuwa likiulizwa mashineni tu. Mtunza hazina akaleta daftari, akasoma. Hesabu ilikuwa sawa.

Basi, ndugu zetu wasomaji, twawaomba jambo moja dogo. Mwezi huu, ukijiona unataka kunena juu ya mtu kwa ajili ya dini yake au chama chake, simama kwanza, ujiulize: Je, ningelisema hivi kama angekuwa ameketi hapa? Kama la, nyamaza. Kama naam, basi inuka uende kwake ukamwambie, nawe uketi chini usikie atakalokujibu. Mungu na atupe vinywa vya kweli na masikio ya subira.